Wizi Mmoja, Mahakama Nne

Jioni hii nazungumza juu ya rushwa ya wakubwa na haki mahakamani, na nitakaa na kesi moja, ya jirani zetu wa ng'ambo ya mto Ruvuma. Nimeichagua kwa sababu ni nadra kesi ya ufisadi wa nchi moja kufikishwa mbele ya majaji wa nchi nne. Hii ilifika Johannesburg, ikafika New York, ikafika London, na ikafika Maputo kwenyewe. Fedha ni zile zile, nyaraka ni zile zile, na majina mengi ni yale yale. Nataka tuulize kila mahakama ilimfanyia nini mwananchi wa Msumbiji, maana yeye ndiye aliyeibiwa.

Kwanza kisa chenyewe. Kati ya mwaka 2013 na 2014, kampuni tatu zilizokuwa chini ya serikali ya Msumbiji zilikopa zaidi ya dola bilioni 2 kutoka Credit Suisse ya Uswisi na VTB ya Urusi. Kampuni hizo ziliitwa Proindicus, Ematum na MAM, na waliozishika ni watu wa idara ya usalama wa taifa. Moja, Ematum, ilisemekana ni ya kuvua jodari, moja ya kulinda pwani, moja ya kutengeneza na kukarabati meli. Muuzaji wa meli na vifaa kwa kampuni zote tatu alikuwa mmoja, Privinvest, na sehemu kubwa ya fedha haikukanyaga hata Maputo. Ilitoka benki ikaenda moja kwa moja kwa muuzaji.

Benki haitoi mkopo wa namna hiyo bila dhamana ya serikali. Dhamana zilitiwa saini na waziri wa fedha wa wakati huo, Manuel Chang. Sheria ya bajeti ilikuwa imeweka ukomo wa dhamana ambazo serikali inaweza kutoa kwa mwaka, na hizi ziliuvuka ukomo huo kwa mbali mno. Bunge halikuulizwa. Mkopo wa jodari angalau ulijulikana, kwa kuwa hati fungani zake ziliuzwa sokoni. Ile miwili mingine ilifichwa, wananchi wasijue kwamba wana deni, mpaka magazeti ya nje yalipoifichua mwezi Aprili 2016.

Meli 24 za uvuvi zilijengwa Cherbourg, Ufaransa. Zikaletwa Maputo, na nyingi zikabaki zimefungwa bandarini, zinakula kutu. Mwaka 2017 wakaguzi wa Kroll walitoa taarifa yao. Walikuta vyombo na huduma vimetozwa bei iliyopita thamani yake kwa dola milioni 700 na ushee, na dola milioni 500 nyingine hawakupewa maelezo yake. Walipoomba nyaraka kwa watu wa usalama walijibiwa kwamba hiyo ni siri ya serikali.

Madhara yalifika kwa mtu wa kawaida upesi sana. Shirika la Fedha la Kimataifa lilisimamisha msaada, na wafadhili waliokuwa wakichangia bajeti wakafuata. Metikali iliporomoka hadi mwisho wa 2016 ikawa imepoteza zaidi ya nusu ya thamani iliyokuwa nayo mbele ya dola mwanzoni mwa 2015. Nchi inayoagiza ngano na mchele kutoka nje, sarafu ikianguka hivyo, mkate hupanda bei wiki hiyo hiyo. Januari 2017 serikali ilishindwa kulipa wenye hati fungani. Utafiti wa asasi ya CIP ya Maputo pamoja na taasisi ya Chr. Michelsen ya Norway, uliotoka 2021, ulikadiria hasara kwa uchumi kuwa dola bilioni 11 na watu karibu milioni 2 waliosukumwa kwenye umaskini. Mkopo ulikuwa bilioni 2. Naomba namba hizo mbili ukae nazo, kwa sababu tunapotaja kiasi kilichoibwa huwa tunasahau kilichoharibiwa, na kilichoharibiwa siku zote ni kikubwa zaidi.

Sasa twende mahakamani. Tarehe 29 Desemba 2018, Manuel Chang, wakati huo mbunge, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa OR Tambo, Johannesburg, akiwa safarini kwenda Dubai. Waliotaka akamatwe ni Wamarekani. Muda mfupi baadaye Maputo nayo ikaleta ombi lake: mtu huyu ni wetu, kosa ni letu, mleteni nyumbani.

Ukilisikia ombi hilo utasema ni la haki kabisa. Lakini sikiliza waliolipinga ni nani. Ni Wamsumbiji wenyewe. Muungano wa asasi za kiraia uitwao Fórum de Monitoria do Orçamento uliajiri mawakili, ukaenda mahakamani Afrika Kusini kuomba kwamba waziri wao wa zamani asirudishwe kwao. Walisema alikuwa na kinga ya ubunge, na kwamba akifika nyumbani hakuna uhakika kama atasimama kizimbani au atapokewa na kupelekwa kwake. Mimi sijui tangazo la kutokuwa na imani na mahakama za nchi lililo wazi kuliko hilo.

Waziri wa sheria wa Afrika Kusini aliamua Mei 2019 kwamba Chang apelekwe Maputo. Waziri mpya alipoingia, yeye mwenyewe aliomba uamuzi wa mtangulizi wake utenguliwe, na mahakama ikautengua. Agosti 2021 waziri huyo huyo akageuka, akaamua Chang aende Maputo. Asasi zikarudi mahakamani, na Novemba mwaka huo Jaji Margaret Victor akaamua kwamba apelekwe Marekani. Serikali ya Msumbiji ilikata rufaa kila palipowezekana, ikashindwa. Julai 2023 Chang akapandishwa ndege kwenda New York.

Mahakama hii ya Johannesburg naiheshimu kwa jambo moja na naisikitikia kwa jingine. Naiheshimu kwa sababu ilimwambia waziri wa nchi yake hapana, katika shauri lililohusu serikali rafiki na chama kilichopigana ukombozi pamoja na chama chao. Huo si mzaha. Naisikitikia kwa sababu mshtakiwa alikaa mahabusu Afrika Kusini miaka minne na nusu bila ushahidi kusikilizwa na hakimu yeyote. Anayetuhumiwa kuiba kwa watu masikini naye ni mtu, na sheria ikianza kumtesa kabla ya kumhukumu, kesho itamtesa asiyeiba.

New York kulikuwa na kesi mbili, na ningependa uzitazame pamoja. Ya kwanza ilikuwa 2019, ya Jean Boustani wa Privinvest. Alipanda kizimbani mwenyewe, akaeleza malipo ya mamilioni kwa watu wa Maputo, akisema hayakuwa hongo na kwamba yeye hakumdanganya mwekezaji yeyote wa Marekani. Desemba mwaka huo baraza la raia kumi na wawili likamwachia huru. Baadhi yao walieleza baadaye kwamba hawakuona jambo hili linahusianaje na New York. Ya pili ilikuwa ya Chang, katika mahakama hiyo hiyo ya Brooklyn. Agosti 2024 alikutwa na hatia ya kula njama ya udanganyifu na utakatishaji fedha, kwa rushwa ya dola milioni 7, na tarehe 17 Januari 2025 akahukumiwa miaka minane na nusu, ikihesabiwa na ile aliyokwisha kukaa mahabusu.

Tuhuma zilitoka kwenye mpango ule ule. Mmoja amekwenda nyumbani, mwingine amekwenda jela. Sisemi baraza la raia lilikosea. Nasema swali walilowekewa lilikuwa jingine kabisa na swali la mama wa kawaida wa Nampula, kule Msumbiji. Mahakama ya Marekani ilikuwa inauliza kama mnunuzi wa hati fungani alidanganywa, na kama fedha zilipita katika benki za Marekani. Mwathirika mbele ya jaji yule alikuwa mwekezaji. Mama wa Nampula alitajwa kwa huruma, lakini hakuwa mlalamikaji.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa benki. Oktoba 2021 Credit Suisse ilikubali kulipa karibu dola milioni 475 kwa mamlaka za Marekani na Uingereza. Sikiliza tena kwa nani: kwa Marekani na Uingereza. Waingereza, kwa heshima yao, walishurutisha pia benki isamehe dola milioni 200 za deni la Msumbiji. Bila sharti hilo nchi iliyoibiwa isingeona chochote katika mapatano yale.

London kwenyewe nitapita haraka, kwa sababu ilikuwa kesi ya madai. Msumbiji iliishtaki Privinvest, kampuni ikakana, na Julai 2024 Jaji Robin Knowles akaamua kwamba Chang alihongwa na kwamba kampuni iilipe Msumbiji zaidi ya dola milioni 825. Ni hukumu nzito na naifurahia. Ila kuna mahali ilifika ikasimama. Privinvest ilitaka Rais Filipe Nyusi aunganishwe kwenye kesi, ikidai nayo ilimlipa, madai ambayo Nyusi ameyakana. Mahakama ikasema mkuu wa nchi aliye madarakani ana kinga, haingiliki. Kisheria ni sawa. Lakini mtu aliyekuwa waziri wa ulinzi mikopo ya kulinda pwani ilipopangwa hakuwahi kuulizwa swali hata moja katika chumba kile.

Sasa Maputo, na hapa nitakaa kidogo.

Kabla ya kesi yenyewe kulikuwa na karatasi. Katiba ya Msumbiji inaruhusu wananchi 2,000 wakitia saini waombe Baraza la Katiba lipime uhalali wa kitendo cha serikali. Asasi zikakusanya saini hizo, mtu mmoja mmoja. CIP ikachapisha fulana zenye maneno ya kukataa kulipa madeni ya siri, na polisi wakawa wanawazuia watu kuzivaa mjini. Juni 2019 Baraza likatamka kwamba dhamana ya mkopo wa Ematum ni batili. Mei 2020 likatamka hivyo hivyo kwa ile miwili mingine. Hili lilifanywa na majaji wa nchi ambayo wengi wetu tungesema haina mahakama, kabla Brooklyn haijamsikiliza Chang na kabla London haijafungua jalada la ushahidi.

Halafu, kwa masikitiko makubwa, serikali ikaendelea na mapatano yake na wenye hati fungani. Oktoba 2019, miezi michache baada ya dhamana kutangazwa batili, deni la Ematum lilibadilishwa kuwa hati mpya za dola milioni 900 zinazomalizika 2031. Riba ikaendelea kulipwa. Mahakama ilisema deni halipo, hazina ikalipa deni. Unaweza kuwa na jaji jasiri na bado usipate haki, kama mwenye kutekeleza hukumu hataki kuisikia.

Kesi ya jinai ilianza tarehe 23 Agosti 2021. Hakukuwa na ukumbi wa kutosha, hivyo likasimamishwa hema kubwa ndani ya uzio wa gereza la ulinzi mkali la Machava, nje kidogo ya Maputo. Washtakiwa 19 walikaa humo. Walikuwemo wakuu wawili wa idara ya usalama, Gregório Leão na António do Rosário, na Ndambi Guebuza, mtoto wa rais mstaafu. Jaji alikuwa Efigénio Baptista. Na kilichonigusa kuliko vyote ni kwamba kesi ilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni na redio, tangu mashtaka yanasomwa. Mtoto wa rais anaulizwa fedha hizi ulizipata kwa kazi gani, na nchi nzima inamsikia akitafuta jibu. Mkuu wa usalama, mtu ambaye jina lake watu walikuwa wakilitaja kwa kunong'ona, anaambiwa na jaji ajibu swali aliloulizwa.

Februari 2022 Armando Guebuza, rais wa nchi kwa miaka kumi, alikuja ndani ya hema akaketi kama shahidi. Desemba mwaka huo jaji alimaliza kuisoma hukumu iliyomchukua wiki nzima. Watu 11 walikutwa na hatia, na 8 wakaachiwa. Ndambi alihukumiwa miaka 12 kwa dola milioni 33 alizopokea, na Leão na do Rosário wakapata miaka 12 kila mmoja. Hao wanane walioachiwa nawataja kwa makusudi. Mahakama inayokwenda na upepo wa hasira ya umma ingewafunga wote 19, na watu wangeshangilia.

Sikusudii kuipamba. Waliofungwa walikuwa wa kambi ya rais aliyeondoka, na aliyekuwa madarakani alikuwa mtu mwingine. Guebuza alisema mahakamani kwamba aliyekuwa akiratibu vyombo vya ulinzi wakati ule angejua zaidi, na kila aliyesikiliza alijua anamsema Nyusi. Utetezi uliomba aitwe. Hakuitwa. Hilo ni doa kubwa, na ni doa la ndani ya hema lile lile ninalolisifu. Nyusi aliondoka madarakani tarehe 15 Januari 2025, siku mbili kabla ya Chang kusomewa adhabu yake Brooklyn. Sasa ni rais mstaafu, kama alivyokuwa Guebuza alipokuja kutoa ushahidi. Njia ya kumwita imeshapitwa na mtu, hakuna haja ya kuchonga nyingine.

Hata hivyo ukiniuliza katika mahakama hizo nne ni ipi iliyomtendea zaidi Mmsumbiji, nitakujibu ni hema la Machava. London iliamuru fedha nyingi, New York ilimfunga mkubwa kuliko wote, Johannesburg ilionyesha ujasiri. Lakini ni Machava peke yake mwenye mali alipomsikia aliyemwibia akijieleza, ndani ya nchi yake, mbele ya jaji wa nchi yake, kwa lugha ambayo mahakama zake hutumia.

Nalisema hili nikiwa Mtanzania, na sisi tunalo la kwetu. Unaikumbuka rada. Tulinunuliwa rada kutoka BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28, ikaonekana imezidi bei na haitufai. Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark, London, kampuni ilikiri kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu. Angalia kosa lenyewe: kumbukumbu za hesabu. Ikatozwa faini ya pauni laki tano, na ikatoa pauni milioni 29.5 kwa Watanzania, ambazo zilinunua vitabu na madawati. Vitabu tulivipokea na vilisaidia watoto wetu, sivibezi. Ila hapa nyumbani hakuna hema lililosimamishwa. Hakuna aliyeketi mbele ya hakimu wetu akaeleza nani alipokea nini, na sisi tukasikia. Jibu la swali letu tulilitafuta katika magazeti ya Waingereza.

Si kwamba mahakama zetu haziwezi. Julai 2015 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani mawaziri wawili wa zamani, Basil Mramba na Daniel Yona, katika kesi ya msamaha wa kodi kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu. Mwaka uliofuata watu wa Sinza waliwaona wakitumikia kifungo cha nje kwa kufanya usafi hospitalini, ufagio mkononi. Lakini hao hao watu wa Kisutu wanaijua vizuri sentensi nyingine, ile ya "upelelezi bado haujakamilika", inayorudiwa kila tarehe ya kesi. Katika kesi ya kampuni ya umeme ya IPTL, iliyohusu fedha za akaunti maalumu ya malipo ya umeme, washtakiwa wakuu wawili walikamatwa Juni 2017, wakakaa mahabusu hadi 2021, na ushahidi haukusikilizwa. Mmoja alimalizana na serikali kwa makubaliano ya kukiri kosa na kulipa, mwingine akafutiwa mashtaka. Kama walikuwa wezi, hatukusikia ushahidi. Kama hawakuwa, wamepoteza miaka minne. Kwa vyovyote vile umma haukuambiwa kilichotokea, na fedha za akaunti ile zilikuwa za umma au hazikuwa, hilo nalo limebaki linabishaniwa kwenye vijiwe vya kahawa badala ya kuamuliwa na jaji.

Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023 na ililigusa jambo hili la watu kukamatwa kwanza, upelelezi baadaye. Ripoti ipo. Naomba kila msikilizaji mwenye mbunge amuulize mbunge wake ameisoma sura gani, na ni lipi katika hayo limeshakuwa sheria. Na lipo jambo moja ambalo halihitaji tume. Kesi kubwa za fedha za umma zirushwe moja kwa moja redioni, tangu siku ya mashtaka hadi ya hukumu. Msumbiji, nchi yenye vita kaskazini na hazina tupu, iliweza kufanya hivyo kwa miezi. Mitambo tunayo, masafa tunayo, na watangazaji wa kukesha na kazi hiyo tupo.